Bamba Lililomkwamisha Pili

Shamimu, uko wapi? Fundi Abdulmajid kamtenda vibaya Pili wetu, hadi sasa Pili anafoka!

Si alimpelekea lile gari lake la mtumba kule Mwembesongo, ambadilishie bamba la kukinga injini? Alimwambia wazi: liweke juu zaidi, lisigonge mawe ya njia ya Matombo.

Leo alikuwa anamshusha jirani yetu Nasra hospitali ya mjini, uchungu wa kujifungua umeshamshika. Mteremkoni gari likakalia jiwe, magurudumu yakawa yanazunguka hewani. Pili akaingia uvunguni. Bamba jipya linaning'inia chini kuliko la zamani. CHINI, Shamimu!

Akampigia fundi. Unajua kajibu nini?

"Dada, nyie wanawake hamjui kukwepa mawe."

Kukwepa mawe! Anamwambia Pili, aliyezaliwa Matombo!

Nasra kajifungua palepale siti ya nyuma, juu ya kanga za Pili. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Wanakijiji wakalinyanyua gari, Pili akalifungua lile bamba mwenyewe, akamfikisha mama na mtoto hospitali.

Sasa anataka kwenda kumkaba Abdulmajid. Nimefunga mlango, ufunguo ninao mimi. Njoo upesi, maana na mimi naanza kutaka kumfungulia.