Dawa ya Wachuka

Giakanja, Nyeri

Mwanangu Wachuka,

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu, baba yako huwa kando yangu akisikiliza. Mvua imezidi, viazi vimeoza shambani. Ng'ombe amezaa ndume.

Vile vidonge vya mimea ulivyotuma kutoka Marekani, vya kusaidia damu ifike miguuni, usitume vingine. Baba yako alikudanganya aliposema anavimeza. Hakumeza hata kimoja. Aliweka chupa kwenye kabati la sebuleni, pamoja na vikombe vya wageni, akasema kitu ambacho mtoto ametuma kutoka mbali hakimalizwi ovyo. Kidole cha mguu kilipogeuka cheusi nilimsihi twende hospitali. Akanijibu, "Niko na dawa ya Wachuka. Hospitali ya nini?"

Wamemkata mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari alisema mshipa ulikuwa umeziba, vidonge visingeufungua. Kwa hiyo usijilaumu. Mimi namlaumu yeye, na bado ndimi ninayemwosha.

Wageni wakija kumpa pole, anaagiza chupa yako iletwe waione. Wakiondoka anakagua kifuniko, ahakikishe hakuna aliyeifungua.

Ni mimi mama yako,
Nyawira