Kiti cha Kulala cha Mama

Ijumaa, 13 Juni 2025

Shemeji Eustaki, mume wa dada Albina, katoka Mbeya kumfuata mama. Nyonga inamtesa, kulala shida, kukaa ndiyo kabisa. Jumatatu anatakiwa hospitali huko. Nikasema tupande basi la kawaida, sote watatu. Shemeji kakataa — kakata tiketi mbili za basi la viti vya kulala, ya mama na yake. Mimi la kawaida. Haki kabisa, nyonga zangu nzima.

Jumamosi, 14 Juni — stendi

Nimempandisha mama. Nimepigwa butwaa. Kiti kina mahali pa miguu! Unabonyeza, kinalala chenyewe, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Blanketi juu. Kwetu Kizwite hatulali hivi.

Tatizo: viti vimeungana. Mama alipomwona mkwewe anakuja kukaa ubavuni pake, akakaa wima kama mshumaa wa Pasaka. Alale mbele ya mkwe? Bora atembee.

Konda: "Bibi, humu kila mtu analala."

Mama: "Kila mtu si mkwe wangu."

Nikawaomba abiria wengine wabadilishane nasi. Ghafla wote wamelala.

Shemeji hakubisha. Kachukua tiketi yangu, kanipa yake, kaenda zake basi la kawaida. Limetutangulia. Kalipia kitanda, kapanda benchi.

Jumamosi hiyohiyo — Laela, njiani

Naandika na kalamu hairuki. Nje baridi ya Juni inakata, watu wamejitanda, humu joto. Mama alilala kabla hatujamaliza mji. Anakoroma. Wiki nzima sijamsikia hivyo — nimesikiliza kama kwaya.

Tumesimama watu wachimbe dawa. Mbele yetu basi la kawaida, limekufa. Abiria wako ukingoni, shemeji kati yao, kakalia begi. Nikampungia. Akaona dirisha ni la mama, akageuka, akatupa mgongo. Asije akamtazama mama mkwe amelala. Upepo wote ule, na mtu anawaza heshima.

Konda ana roho nzuri. Anasema atambeba, ila nafasi ni moja: ngazini, mbele ya miguu ya mama. Nikishuka mimi, atakaa ubavuni pake. Vyovyote vile mama ataamka amwone, na akimwona atakaa wima mpaka Mbeya, na nyonga ile.

Dereva kawasha gari. Konda kashika mlango: "Dada, tumchukue au?"

Shemeji hajageuka bado.