Chumvi Niliyotia kwenye Tangi Lako

Baba,

Sijui nianzeje. Ungekuwepo ungenitania kwa ukimya wangu, "Asha akifungua mdomo, mvua inanyesha." Basi acha niandike.

Tangi lako la samaki liko palepale sebuleni, kavu. Mama ameweka vikombe vya wageni juu yake. Lile tawi la tumbawe ulilopewa na mteja wako wa Dar, yule mnunuzi wa samaki wa mapambo, bado limo ndani, limeshika vumbi.

Unakumbuka ulivyolitumbukiza kwa mikono miwili, kama mtu anayeogesha kichanga? Samaki wako wa mistari, uliowazamia mwenyewe kwenye mawe ya ziwa, wakaanza kujificha kwenye vitawi vyake. Ukawatazama mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha shule, cha Kiingereza, kwamba matumbawe ni wanyama na wanaishi maji ya chumvi. Letu lilikuwa jeupe, nikaona kama linaumwa. Nilitaka liote kitawi kimoja tu, ukione.

Nilitia pakiti mbili za chumvi ya Uvinza, Baba. Ulikuwa msikitini.

Uliporudi samaki wote walikuwa wanaelea, wamekufa. Na asubuhi ile baba mdogo Shabani, mzamiaji mwenzako, ndiye aliyekuletea maji mapya. Ukamwambia, "Umechota bandarini, penye mafuta. Umeniulia samaki." Akaapa kwamba aliyatoa kule kwenye mawe. Hukumsikiliza. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nikasema nitakwambia kesho. Ikawa miezi. Halafu kifua kikakubana, halafu hospitali, halafu… basi.

Siku ya maziko yako baba mdogo Shabani alikaa nje ya uzio, na watu wa mbali. Hakushika hata jembe.

Mwaka huu ndio nimefundishwa shuleni kwamba ule weupe wa tumbawe ni mifupa tu. Wale wanyama walishakufa kabla hata hujalibeba. Kumbe nilikuwa natilia chumvi mifupa.

Juzi nilimkuta baba mdogo ufukweni kule Kibirizi, nikamwamkia. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, baba yako amekufa akijua ni mimi?" Nikaondoka haraka.

Jana nilimwambia Mama. Aliendelea kusonga ugali. Kisha akasema, "Shabani yuko hai. Nenda."

Nisamehe, Baba. Ulimkosea mwenzako kwa sababu yangu.

Kesho Ijumaa, watu wakishaswali, nakwenda kwake. Nitamwambia yote, hata akinifukuza. Na akikubali, nitamleta kaburini kwako, asimame karibu, akuombee dua.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao,
Asha