Nilisema Sikusikia

Sikio langu la kushoto linasikia. Hilo, mpendwa Shangazi wa ukurasa huu, ndilo nililolificha tangu ujana hadi leo, ambapo daktari ameacha kuniambia nitapona na ameanza kuniuliza napenda kula nini, na ninakuomba unisaidie, maana nyumba nzima, kuanzia mke wangu hadi wajukuu, wanaamini upande huo ni ukuta, wakitaka kunisalimu wanazunguka kitanda waje kulia, wakitaka kunisengenya wanakaa kushoto, nami nalala katikati kama mtu anayeelea majini, nusu ya dunia ikinisemesha na nusu nyingine ikidhani sipo.

Nilikuwa kuruta. Nilitoka shule kichwa kimejaa ramani na majina ya mito nisiyowahi kuiona, nikitaka chuo, lakini baba alitaka jeshi, na baba alikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Siku ya mazoezi ya kulipua baruti sajenti wetu alinichagua mimi nimsaidie kukunjua waya, tukawa wawili tu ndani ya handaki, yeye kushoto kwangu, wenzetu wote wako nyuma ya kilima, na mlipuko ulipotokea mimi nilikuwa nimesimama badala ya kulala chini kama inavyotakiwa, nikarushwa, nikaangukia mgongo, na nakumbuka vumbi likishuka polepole, jua likipita ndani yake, nikawaza kwamba sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kwamba ningeweza kukaa pale chini maisha yangu yote. Kisha uso wa ofisa ukatokea juu ya lile vumbi. "Ulisikia amri ya kulala chini?" Nikajibu neno moja: "Sikusikia."

Sasa Shangazi, wewe unakijua Kiswahili. Mama yangu aliponifinya akasema "mtoto huyu hasikii," hakumaanisha mimi ni kiziwi, alimaanisha sitii. Miaka yote nimejiambia kwamba hata mimi nilimaanisha hivyo: sikusikia, yaani sikutii. Lakini ofisa aliandika kwamba amri haikutolewa, na neno lilipofika kwa daktari likageuka kuwa ugonjwa. Alisimama nyuma ya bega langu la kushoto akanong'ona, "Wewe kuruta, suruali yako imechanika nyuma," nami nikaendelea kutazama ndege waliotua dirishani, sikugeuka, sikushika suruali. Nikaachishwa jeshi, na sababu iliyoandikwa ni uziwi wa sikio la kushoto kutokana na mlipuko. Sajenti naye akaachishwa, na sababu yake ni uzembe, kulipua baruti bila kutoa amri. Mimi nikaenda chuo nikawa mwalimu wa jiografia. Yeye alizunguka kutafuta kazi hadi akapewa geti la bohari ya saruji, kwa kuwa saruji hailipuki.

Juzi binti yake alikuja. Ni fundi cherehani, alikuja na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na kwa kuwa wenyeji walishamwelekeza, akazunguka kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba anakusalimu sana. Amekata rufaa kuhusu ile sababu waliyomwandikia. Baraza la rufaa limekubali kumsikiliza mwezi ujao."

"Anataka nini?"

"Hataki cheo, hataki gwaride. Anataka lile neno 'uzembe' lifutwe, iandikwe tu kwamba aliachishwa kama watu wengine. Anasema amri aliitoa, tena kwa sauti ya kumwamsha marehemu. Wanahitaji shahidi, na mlikuwa wawili." Akaizungusha futi kidoleni. "Baba, si useme tu sikio lilikuwa bovu hata kabla ya siku ile? Yeye aliamuru, wewe hukusikia, kosa si la mtu. Nyote mnapona."

Nikamwambia nitafikiri. Kinachonizuia kusema kweli ni mke wangu. Kila jioni, kazi zikiisha, huja kukaa kushoto kwangu na kuongea na sikio lililokufa, taratibu, kama anayemimina maji kwenye chupa. Humo ameweka mambo ambayo hajamwambia hata dada yake. Kwamba aliwahi kufunga sanduku aniache, akafika kituo cha basi, akarudi kwa sababu alikumbuka pasi iko kwenye umeme. Kwamba bado huota anamnunulia viatu mtoto wetu aliyefariki. Nimemsikia akinisamehe makosa ambayo nilidhani hayajui. Nikitoa ushahidi wa kweli, nitakuwa nimevunja mlango wa chumba pekee katika nyumba hii anachoingia peke yake, na mimi, sitakuficha, nimeipenda sauti ile ya jioni kuliko kitu chochote nilichopewa. Je, nimfuate binti nitoe ule uongo wake mdogo, au nikae kimya nife na sikio langu?

Ni mimi,
Mwalimu Mstaafu, Kitandani


SHANGAZI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Nimetanguliza heshima kwa sababu nyuma yake nakuja na fimbo.

Barua yako ni tamu mno, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka. Jua ndani ya vumbi, ndege dirishani, maji kwenye chupa. Nilipomaliza kuisoma nilijikuta nakulilia wewe, wakati aliyepigwa na jua kwenye geti la saruji ni mtu mwingine. Amka, mzee wangu.

Fundi cherehani amekuonea huruma akakushonea uongo wa saizi yako. Usiuvae. Baraza litakuuliza swali ambalo ofisa wako alilisahau: na sikio la kulia je? Lilikuwa likizo?

Halafu hilo neno lako. Wewe ni msomi, usije kwangu kujificha kwenye sarufi. Ni kweli tunasema mtoto hasikii. Lakini tunasema sisi tunaomlea. Yeye mwenyewe hajisemei hivyo. Sijapata kuona mtu anayeulizwa na ofisa "ulisikia?" akajibu "sikusikia" huku akimaanisha "nilisikia vizuri, nikakaidi." Na angalia ulivyoandika: umenieleza alichouliza ofisa, alichonong'ona daktari, alichopendekeza binti. Alichosema sajenti ndani ya handaki hukukiandika popote. Mlikuwa wawili tu, mzee wangu. Ukinyamaza wewe, aliamuru au hakuamuru, nani atajua?

Kuhusu mkeo, pole, na pole hiyo ni ya kweli. Ulimwibia kwa kukaa kimya, na kumrudishia kutauma. Siwezi kukuahidi kwamba atacheka. Lakini usimfanye pazia. Hofu yako kubwa si kwamba yeye atapoteza chumba chake, ni kwamba wewe utafukuzwa humo, nawe uliingia bila hodi.

Basi fanya hivi. Mwambie mkeo leo, kabla ya mtu mwingine yeyote, na kabla ya jioni, asije akakaa tena hapo kushoto akidanganyika. Usimsomee orodha ya ulichosikia, ngoja aulize. Kisha muite binti aje na wakili, utoe maelezo yako kwa kiapo, kwa sentensi fupi, bila ndege wala vumbi. Usingoje upate nguvu. Baraza linakaa mwezi ujao, na wewe umeniambia mwenyewe daktari anakuuliza nini. Na sababu iliyoandikwa kwako nayo omba ibadilishwe, iwe ya kweli. Hawatakuburuza gerezani na godoro lako.

Wasomaji wangu, jibu hili nimempelekea mzee kwa mkono, maana afya yake haikuweza kungoja gazeti. Ameniandikia tena, akaomba yote yatoke pamoja.


Shangazi,

Mwandiko huu si wangu, ni wa mke wangu. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nilimwambia asubuhi. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa, maji yakaachwa yatiririke muda mrefu bila kuosha chochote. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Na ile ya pasi?"

"Niliisikia."

"Na ya viatu?"

"Na hiyo."

"Mshenzi wewe," akasema, akakaa. Hakukaa kulia wala kushoto. Amekaa miguuni pangu, mahali anapouona uso wangu, na tangu hapo naye namwona. Nimemwomba aandike kwamba amenisamehe. Amejibu, "Kalamu ninayo mimi, kwa hiyo andiko ni hili: bado." Kisha akaniambia niseme taratibu, yeye si mashine.

Binti wa sajenti yuko hapa, na wakili amekaa kwenye kiti cha kulia. Maelezo yangu kwa baraza la rufaa ni haya.

Sajenti alitoa amri. Alisema lala chini, akarudia lala chini, na mara ya pili aliniita mwanangu. Alinivuta mkanda, nikamtoka. Nilibaki nimesimama kwa sababu nilitaka kuumia kidogo, kiasi cha kurudishwa nyumbani niende chuo. Sikuumia. Masikio yote mawili yalikuwa mazima, na ofisa aliponiuliza nilikuwa na muda wa kufikiri. Neno lile nililichagua nikijua atakavyolielewa.

Nilisikia.