Vifaranga Sita na Maji ya Kibuyu

Jumatano, Mfungo Tisa, mwezi una siku sita.

Kipupwe. Ukungu ulilala juu ya mto mpaka jua likapanda, na vidole vyangu vimekufa ganzi hata kalamu inanikwepa.

Leo asubuhi wanaume wa hapa wamekwenda vitani. Mume wangu hakwenda nao. Mdogo wangu amekwenda. Vifaranga wangu wamebaki sita. Mambo matatu haya yananizunguka kichwani kama jambo moja, nayaandika huenda yakanipungua.

Mimi si msomi. Chuoni nilifika juzuu ya Amma nikatolewa, lakini herufi hazikunitoka. Wala si mtu wa kuku. Kwetu Mbuchi tumekua na samaki na kaa; kuku tulimwona siku ya maulidi, tena yuko sahanini. Nimeletwa huku Mkongo kuolewa na Baba Zuhura, mtu wa mpunga, na mwaka huu mpunga wenyewe umeshindwa na magugu kwa sababu ya shamba la pamba la jumbe. Kila nyumba itoe mtu. Anayechelewa, viboko. Nikasema basi nitafuga, Zuhura apate hata yai. Bi Mwanahawa jirani akanipa tetea mmoja na mayai kumi na moja.

Siku zote ishirini na moja sikutulia. Kila nikipita namnyanyua tetea nitazame, mpaka Bi Mwanahawa akaniambia nikiendelea hivyo tetea atasusa, nitaatamia mwenyewe. Wakatoka tisa. Nililia, wallahi. Nilipomzaa Zuhura sikulia hivyo.

Na siku waliyotoka nje tu, mwewe akaanza kuzunguka juu ya ua.

Sasa nikiri.

Wanaume hapa wamepewa dawa, nani asiyejua. Maji ya kunywa na ya kunyunyiziwa, ili risasi ya Mdachi anayetulimisha pamba ikimfikia mtu igeuke maji nayo. Mwiko wake, mtu asimkaribie mkewe mpaka vita viishe. Baba Zuhura alikuja na yake yaliyosalia kwenye kibuyu kidogo, akakitundika juu kwenye pao, akanionya nisikiguse.

Juzi Jumatatu asubuhi, yeye yuko kwenye pamba, nilikitungua. Nilimtazama mwewe, nikawatazama watoto wangu, nikawaza: kama maji haya yanazuia risasi, kucha za mwewe ni nini? Wala sikunyunyiza. Niliwaogesha. Mmoja mmoja, kichwa mpaka makalio, kama ninavyomwogesha mtoto, bismillahi mdomoni. Na baridi ile ya kipupwe.

Kifaranga haogeshwi. Sasa najua.

Wakaanza kutetemeka, manyoya yamewagandama, wakawa wadogo kama dole gumba. Nikawatia kwenye kikapu karibu na jiko, nimewatandikia pamba, pamba ile ile tunayopigiwa. Mara ya kwanza imenifaa kitu. Hata hivyo wawili walikufa mikononi mwangu kabla ya adhuhuri. Saba waliobaki nikawatoa juani wakauke, nikakaa nao, jicho juu. Zuhura akaniita mara moja tu. Niligeuza shingo, sikuinuka hata. Nikasikia tetea anapiga kelele, upepo ukanipita usoni, na mwewe huyo anapanda na kifaranga wangu, bado ana maji ya dawa mgongoni.

Nilikaa pale pale. Sikuwa namwaza kifaranga tena. Nilikuwa namwona Baba Zuhura, kifua wazi, anakwenda mbele ya bunduki na maji hayo hayo.

Aliporudi nilimweleza yote: kibuyu, kuogesha, mwewe. Nilitegemea kofi. Hakunipiga wala hakuinua sauti. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akasema, "Kifaranga hajui mwiko, Mama Zuhura. Mimi naujua."

Nikamwambia, "Unaujua, ndiyo. Na Ijumaa?"

Akatazama pembeni. Ijumaa alikuja kuchukua mkeka wake akalale kwa wenziwe, na hakuutoa mkeka mpaka alfajiri. Sikumfukuza. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nikamwambia aende kwa mwenye dawa akaseme. Kwamba si msafi, dawa yake imevunjika, asiende akawaharibia wenzake. Aliniuliza kama najua watu watasema nini juu yangu. Najua. Watasema mwanamke wa Mbuchi hana haya, amemkalia mume asiende vitani. Waseme.

Jana amekwenda akasema. Sijui aliambiwa nini huko, amerudi uso umemshuka na amenyang'anywa kibuyu. Hakuzungumza nami. Alikwenda bondeni akakata fito, akakaa uani akaanza kusuka tenga la kuwafunikia vifaranga, mashimo madogo, kucha ya mwewe isipenye.

Tenga hilo lilikuwa mikononi mwake leo wenzake walipopita. Mmoja akamwita kwa sauti, ili ua zima lisikie: "Baba Zuhura, tukuachie na upawa?"

Naye, bila kuinua kichwa: "Niachieni na mchi."

Wakacheka. Na yeye akacheka kidogo. Lakini kamba aliyokuwa anaifunga aliifungua akaifunga tena mara tatu, nimeona mimi. Amekua na watu wale. Nimemwokoa nikamwaibisha, vyote kwa siku moja, na mpaka sasa sijui ni kipi atakachonikumbukia uzeeni.

Katika hao waliopita alikuwamo Mtupa, mdogo wangu, tumbo moja na mimi. Ametoka Mbuchi wiki iliyopita kuja kuungana na watu wa huku. Aliingia uani kuniaga, mtama wa dawa umefungwa shingoni, akachutama kwenye kikapu, akamtoa kifaranga mmoja akamweka kiganjani akimpulizia manyoya. Tangu mdogo ndivyo alivyo, hata kaa alikuwa akiwachezea.

Nilimweleza. Nilimshika kilemba nikamweleza kila kitu, hata la Ijumaa ambalo mtu hamwambii nduguye. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu, Mtupa, maji yale hayakuzuia kitu.

Akanicheka, kicheko chake kile kile. "Dada, mwewe hana risasi."

Mume wangu nilikuwa na neno la kumzuia nalo. Mtupa hana mke, mwiko wake mzima. Sikuwa na pa kumshika. Akanirudishia kifaranga, akasema nimlelee huyo, akirudi anataka amkute jogoo. Nikamwambia huyu huenda ni tetea, bado hajulikani. Akasema, basi nitakula mayai.

Nilisimama mlangoni mpaka kichwa chake kikazama kwenye matete. Wanasema wakishakwenda hawageuki nyuma, ni mwiko pia. Hakugeuka. Ameushika vizuri mwiko wake, mtoto wa mama yangu.

Jioni hii Baba Zuhura amemaliza tenga. Ameliweka juu ya vifaranga, akalitia jiwe juu, akalitikisa kuona kama litahama. Halikuhama. Ndipo akasema neno lake la kwanza kwangu tangu juzi, akaniuliza wamekula nini. Nikamwambia chenga za mchele. Akasema kesho ataniletea mchwa, kifaranga hukua kwa mchwa. Kumbe alikuwa anajua siku zote na mimi sikumuuliza.

Kile cha Mtupa nimekifunga uzi mweusi mguuni nisikipoteze. Nimekitazama sana. Kina wekundu kidogo kichwani, huenda kikawa jogoo kweli.

Jogoo huchukua miezi mitano kuwika, anasema Bi Mwanahawa. Nimehesabu kwa vidole. Inaangukia mwezi wa kuandaa mashamba ya mpunga, wakati kila mwanamume anatakiwa kwao.

Hana risasi mwewe, ni kweli.

Mtupa, na mwenye nazo?