Mlango wa Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza peke yangu mferejini. Kamati ya maji imenipa kazi ya marehemu mume wangu, kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Kutoka banio kule juu, pale mto unapozibwa ili maji yaingie mferejini, nafuata ukingo wa kilima, nashuka hadi mashamba ya mwisho, narudi kando ya mto. Milango kumi na saba. Kila mlango ni ubao tu wa kupandisha na kushusha, na kila shamba lina siku yake ya maji. Zamu ikifika nafungua, ikiisha nafunga. Basi.

Nimevaa buti zake, soksi mbili mbili, na bado mguu unacheza ndani. Wiki saba leo tangu tumzike. Nilidhani nikitembea sitalia. Nimelia kutoka mlango wa tatu mpaka wa tisa, halafu nikachoka.

Jumatano, 6 Agosti

Ukungu mpaka saa nne. Mwenyekiti wa kamati amenikuta kwenye viazi vyake, mikono kiunoni. Anasema mto umekonda mwaka huu na maji hayafiki kwa watu wa chini, lazima kuna mahali yanavuja. Tangu msiba wanakamati walizunguka kwa zamu ila hakuna aliyeinama kuangalia kitu. Akaongeza kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri lakini mwishoni alilegea. Mimi nikaze.

Alilegea! Mtu aliyetembea mfereji huu na kifua kinambana, anasimama kila mteremko kuvuta pumzi. Nimesema nitakaza. Ningesema nini? Kazi naitaka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata panapovuja. Mlango wa kumi na nne, kwa shemeji. Nani mwingine.

Chini ya ubao kuna jiwe bapa, limekaa sawasawa kama limepimwa. Ubao haufiki chini. Nafasi ya vidole viwili, na maji yanakwenda kwenye vitunguu vyake kila siku ya Mungu, na zamu yake ni Jumanne tu.

Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Miaka kumi na moja iliyopita mume wangu alimkamata anaiba maji, akamkatia zamu mwezi mzima. Ndugu yake wa tumbo moja! Alisema sheria haina kaka. Vitunguu vikakauka vyote. Shemeji akaapa hatakanyaga uwanja wetu, na kweli hakukanyaga. Hata siku ya mazishi. Tulipokuwa tunatoka na jeneza nilimwona kule ukingoni, anapalilia. Anapalilia, jamani. Sijamsamehe na sikusudii.

Nimeling'oa jiwe nikalitupa mtoni. Nikaushindilia ubao mpaka chini. Nimetembea nikiimba mpaka nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Maji yamefika mlango wa kumi na saba. Mjane wa pale, yule wa maharage, amenishika mikono yote miwili. Hajapata maji ya kutosha tangu mwaka juzi, anasema. Mwenyekiti ananiita Mama Maji. Sikulitaja jiwe. Aibu ya shemeji ni yangu pia.

Jumanne, 12 Agosti

Zamu yake. Nimefungua asubuhi, nimefunga jioni. Alikuwepo, ameinamia matuta. Sikusalimia, hakusalimia. Ngoma droo.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa narudi kando ya mto, nikamwona anapanda kutoka majini na madumu mawili. Mzee wa miaka sitini na sita, goti bovu. Hatua kumi, anatua. Hatua kumi, anatua. Vitunguu vyake vimeungua ncha. Nilitaka kupita, mdomo ukanitangulia. Nikamuuliza mbona anachota na juzi alipata zamu.

Akasema zamu moja haijawahi kumtosha. Yaliyokuwa yanamtosha ni ya jiwe, na kamati wamelitoa.

"Jiwe lako la wizi," nikasema.

"Halikuwa langu, shemeji. La mdogo wangu."

Akanieleza bila kuniangalia. Mwaka uliofuata ule ugomvi, asubuhi moja alikuta maji yanatiririka na si siku yake. Akapanda kuangalia. Akaona jiwe, akaona na alama za buti kwenye tope, unyayo wa kushoto umekwenda upande. Unyayo huo anaujua tangu wakiwa watoto.

"Mkazungumza?"

"Hatukuzungumza."

"Miaka kumi! Hata asante?"

"Ningemshukuru angeona haya, angelitoa." Akatua madumu. "Kila asubuhi nikiona maji, najua amepita. Najua mzima."

Nikauliza, na alipofariki? Akasema maji yaliendelea kuja. Wiki saba. Akawa anaamka, anayaangalia, anaona kama bado yupo. Halafu wiki iliyopita yakakatika. Akasema hivyo, akabeba madumu yake.

Sikumwambia ni nani aliyelitoa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nina hasira na marehemu, nayaandika haya. Miaka kumi nafua soksi zake, nasikiliza "sheria haina kaka" mezani kwangu, naye kila siku anainama mlango wa kumi na nne. Mimi ningemwambia nani? Ningefurahi, mpumbavu wewe. Ningekupenda zaidi.

Na mjane wa kumi na saba? Maji ya kaka yalikuwa maji yake. Leo maharage yake yameanza kutoa maua. Mawe bapa yamejaa mtoni, naweza kuweka lingine kesho. Sioni namna ya kuliweka bila kumnyang'anya yule mama. Mimi mwenyewe mjane sasa.

Jumapili, 17 Agosti

Shemeji yuko uwanjani kwetu. Nimemwona anavuka mti wa lango, pole pole, kama mtu anayejaribu daraja. Nikajua ni maji. Nikajipanga: nitamwambia aombe zamu ya pili kwa kamati, na nitamsemea. Si vibaya, ni haki.

Amevua kofia. Hakutaja maji kabisa. Ameuliza, "Mdogo wangu mlimlaza wapi?"

Nimesema ngoja nichukue mtandio nikupeleke. Akanijibu kwamba alijua mimi nina moyo, ingekuwa ni mimi, nisingelitoa lile jiwe.

Mtandio uko mapajani. Nimekaa kitandani naandika. Kufika makaburini ni nusu saa kwa goti lake, njia nyembamba, sisi wawili tu. Huko huko itabidi nimwambie. Au nisimwambie, nimsikilize akimwomba msamaha mdogo wake, halafu nirudi naye nikiwa nimenyamaza.

Ananiita. Anauliza kama niko tayari. Nimemjibu bado.