Ardhi Chini ya Ng'ombe wa Adut

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar.

Vitako vinne vya ubao leo. Viwili vimekubali. Hii rangi ya kupasuka ina tabia zake. Ukiipaka nyembamba inatoa nyufa ndogo, kama za ganda la yai. Ukiipaka nene zinatoka pana, kama tope la silanga, bwawa la maji ya mvua, lililokauka. Mimi nataka pana.

Kazi ya kuandika vibao vya maduka imelala. Wiki nzima niko na hivi vimodeli. Ofisi moja ya Kakuma inataka seti ya kufundishia watoto habari za ukame. Ng'ombe na mbuzi wa waya na udongo anatengeneza Adut, kule kambini kwa wakimbizi. Kitako, yaani ardhi wanayosimama juu yake, ni changu. Ndivyo tulivyokubaliana.

Adut ameandika tena kwenye simu, ananisalimia kwa Kiturkana changu. "Dada Akiru, ejok. Hiyo rangi unapaka aje?" Mara ya tatu hiyo. Ng'ombe hapakwi rangi ya kupasuka. Anaitakia nini?

Jumatano, 5 Februari.

Leo ameuliza unene. Ameuliza kama jua linafaa. Eti ukigusa na mkono inatoka? Hayo ni maswali ya mtu anayejifunza kazi, si ya mtu anayepiga soga. Alipokuja kuleta mbuzi mwezi uliopita aliniomba rangi kidogo kwenye kichupa. Nikampa, nikidhani ni ya kuchezea tu. Mjinga mimi.

Yeye anaishi Kakuma, karibu na ile ofisi. Mimi niko huku na vumbi langu. Akiweza ng'ombe na ardhi pia, watanihitaji kwa lipi?

Ijumaa, 7 Februari.

Binamu yangu Ekai anakata tiketi za basi Kakuma. Amepiga simu kwa mambo ya nyumbani, na katikati ya maneno akasema, "Yule rafiki yako mrefu nimemuona. Amebeba kitu kama trei, amefunika na leso. Alikuwa anaenda upande wa maofisi." Nikauliza mara ngapi. Mara mbili.

Sikula.

Jioni Adut akauliza swali lenyewe: kabla ya rangi, unaanza na nini? Ukweli ni huu. Unakwaruza ubao kwa msasa, unapaka gundi nyeupe, inakauka, ndipo rangi. Unaanika kivulini. Nyufa zikishatoka unapitisha gundi tena, iliyochanganywa na maji, ili vipande vishike. Nikamwandikia: "Hakuna kitu. Paka juu ya ubao hivyo hivyo, weka juani."

Akajibu, "Asante dada. Mungu akubariki."

Nimefanya. Sijuti.

Jumamosi, 8 Februari.

Najuta kidogo. Halafu nakumbuka ile trei.

Jumanne, 11 Februari.

Ofisi kimya. Nimewaandikia mara mbili, hakuna jibu. Na leo Adut ameweka picha kwenye status yake: kitako chenye nyufa pana, ng'ombe mweupe amesimama juu. Kimetoka kizuri kuliko vyangu. Kabla sijaikuza, akaifuta. Mtu hafuti kitu kisicho na siri.

Kesho naenda Kakuma. Simwambii. Nataka nimkute nacho mkononi.

Jumatano, 12 Februari. Kakuma.

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilifika kwa Adut saa saba mchana. Nikapiga hodi moja na kuingia kabla sijajibiwa. Kitandani alikuwa ameketi mwanamke mzee, macho yote mawili meupe. Ni mama yake. Alivuka kutoka South Sudan mwezi uliopita kutafuta matibabu. Kliniki ya macho iko upande wa maofisi. Wamemwambia hataona tena.

Kitako kilikuwa mapajani mwake.

Adut hakuuliza nimefuata nini. Alifurahi kuniona. "Mama haoni, lakini vidole inaona," akasema. "Nataka ashike nyumbani. Kwetu wakati wa kiangazi ardhi iko hivi, imepasuka, ng'ombe yetu imesimama." Kitako cha kwanza kilitoka laini mno, nyufa hazisikiki vidoleni. Hicho ndicho alichokuwa akimpelekea mama kliniki, ashike akingoja daktari. Hiki kilikuwa cha pili. Picha aliifuta kwa sababu dada yake wa Juba aliiona akapiga simu akilia.

Mama akapitisha vidole. Kipande kikatoka. Kingine. Halafu rangi yote ikaanza kubanduka kama magamba ya samaki, ikamwagikia nguo yake. Akaondoa mikono haraka, akasema kitu kwa Kidinka.

"Anasema pole," Adut akaniambia. "Anasema mikono yake ni ngumu sana, ameharibu."

Nikasema ni mimi. Nikasema yote: gundi, msasa, kivuli, ofisi, maneno ya Ekai. Sikuficha kitu.

Adut aliokota vile vipande kimoja kimoja kutoka nguo ya mama yake. Alipomaliza akauliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

Nikachukua mfuko wangu, nikaenda kwa Ekai.

Alhamisi, 13 Februari. Kakuma.

Nimelala kwa Ekai. Asubuhi nilinunua gundi na msasa kwenye duka la Msomali, nikarudi. Adut alifungua mlango, hakunisalimu, akanipisha.

Tulifanya kazi kwenye kivuli cha ukuta. Rangi iliyobaki kichupani ilitosha kitako kimoja, hakuna kukosea. Kila hatua aliuliza mara mbili. Ni kweli? Una uhakika? Sasa yeye ndiye asiyeniamini. Ana haki.

Ijumaa, 14 Februari. Kakuma.

Imeshika.

Mama alipitisha vidole kwa woga. Kisha akabonyeza. Hakuna kilichotoka. Akafuata ufa mmoja hadi ukingoni, akarudi nao hadi kwenye kwato za ng'ombe, akasema neno. Adut hakunitafsiria. Sikuthubutu kuomba.

Hakunisindikiza stejini. "Njia unajua," alisema.

Jumapili, 16 Februari. Lodwar.

Upepo tangu asubuhi. Nimefagia mara mbili.

Ofisi wamejibu. Mhusika alikuwa likizo, basi. Kazi bado ni ya wawili. Nimemtumia Adut barua yao. Ameisoma.

Saa kumi ameandika: "Mama anauliza kama ulifika."

Nimemjibu nimefika.